Mkono wa Tatu

Mwaka 1331, baada ya safari ya siku 15 kutoka Zeila, jahazi lilifika Mogadishu. Lilipotia nanga tu, mashua ndogo zikalizunguka. Ndani ya kila mashua walikuwamo vijana wa mji, na kila kijana ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Wakapanda chomboni. Kila mmoja akamwendea mfanyabiashara mmoja, akamwekea sahani mbele yake, akatamka: huyu ni mgeni wangu. Maneno hayo yalitosha. Kuanzia hapo yule mfanyabiashara alishuka kwenda nyumbani kwa kijana yule na si kwingine, ila kama alikuwa mzoefu wa mji na ana watu wake.

Miongoni mwa abiria alikuwamo mwanachuoni mmoja wa Tangier, huko Morocco, ambaye alikuwa ameondoka kwao miaka sita nyuma na hakuwa na haraka ya kurudi. Huyo ndiye Ibn Battuta. Kijana alipomjia naye na sahani yake, wenzake chomboni wakamzuia: huyu hauzi wala hanunui, huyu ni mtu wa sheria. Kijana hakubabaika. Akawapigia kelele wenziwe kwamba, kama ni hivyo, huyu ni mgeni wa kadhi. Habari zikafika, na kadhi mwenyewe akashuka pwani pamoja na wanafunzi wake kumpokea. Baadaye, penye jumba la sultani, mgeni alipewa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya mawaridi yaliyotoka Damascus. Kila mtu alikuwa na salamu yake, na kila salamu ilikuwa na mlango wake.

Adabu ile ya sahani haikuwa ya mdomoni tu. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni wake bidhaa, na ndiye aliyemnunulia alichokitaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu hali mwenyeji hayupo, mji ulihesabu kwamba hapakuuzwa kitu. Ibn Battuta aliona wazi kwamba desturi hii iliwaletea faida wenyewe. Sisi tuna msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Pale bandarini mwenyeji alipona kwa udalali, na mgeni naye akapona na matapeli.

Nimeanza na sahani ile kwa sababu vitabu vya adabu za ofisini, vile vinavyopangwa karibu na kaunta kwenye viwanja vya ndege, huanza na mikono miwili. Shika kwa uimara, mtazame mwenzio usoni, tikisa mara mbili au tatu, achia. Kana kwamba biashara ni shauri la watu wawili. Katika Bahari ya Hindi, kwa karne nyingi, salamu ya biashara ilikuwa ya watu watatu. Palikuwa na muuzaji, palikuwa na mnunuzi, na katikati yao palikuwa na mtu ambaye bila yeye mikono ya wale wawili ilikuwa ni vidole kumi vilivyokutana, basi. Huyo wa tatu ndiye ninayemfuata hapa.

Tuanze na lugha. Neno letu bei limetoka kwa Waarabu, kwao ni kuuza na kununua. Katika mzizi huohuo limo neno la kiapo cha utii kwa mtawala, kiapo kilichokuwa kikifungwa kwa kupeana mikono. Na mapatano ya biashara Waarabu huyaita safqa, ambalo asili yake ni sauti: kiganja kupiga kiganja. Wapokezi wa hadithi wanasimulia habari ya Urwa al-Bariqi, aliyepewa na Mtume dinari moja akamnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili kwa dinari ile, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume akamwombea baraka katika safqa ya mkono wake wa kuume. Tazama vizuri nani anayeombewa. Si mwenye fedha wala mwenye kondoo. Ni wakala.

Hata hivyo, mafakihi hawakuuachia mkono peke yake kufunga biashara. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoshika katika pwani yetu, wauzianaji wana hiari ya kikao: maadamu hawajaachana pale walipokaa, kila mmoja anaweza kurudi nyuma, hata kama wamekwisha kukubaliana. Kinachokaza fundo ni miguu, mtu anapoinuka na kuondoka. Wafuasi wa Malik, ambao Ibn Battuta alikuwa mmoja wao, hawakubaliani na hili. Kwao neno likishatoka limetoka. Nadhani mtu aliyepata kununua ng'ombe kwa haraka, akajuta kabla ya kufunguliwa kamba, atajijua yeye ni wa upande gani.

Na maandishi je? Wengi hudhani mkono ulikuwa wa watu wasiojua kuandika, kalamu ilipokuja mkono ukastaafu. Kurani, katika aya ndefu kuliko zote, ile ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inaagiza deni liandikwe na mwandishi mwadilifu, na mashahidi wawepo. Wahenga wetu nao wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkono na daftari vilikaa nyumba moja, na ushahidi mzuri kabisa wa jambo hilo ulitunzwa na Mchina.

Ma Huan alikuwa Mwislamu wa Kuaiji, mkalimani, aliyejiunga mwaka 1413 na misafara mikubwa ya amiri Zheng He. Misafara hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikifika mpaka kwetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, na mjini watu wakasongamana kumwangalia mnyama ambaye walimjua kwa hadithi tu. Lakini aliyoyaandika Ma Huan kwa urefu ni ya Calicut, bandari ya pilipili katika pwani ya Malabar, India, ambako majahazi ya Aden, Hormuz na Afrika Mashariki yalikutana.

Merikebu za China zikishafika, anasema, mtawala hutuma mkuu mmoja pamoja na mhasibu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi, na dalali huja kuungana nao. Wanachagua siku ya kukata bei. Siku ikifika hawana haraka. Wanaanza na hariri na vitambaa vya Wachina, wanakivuta kimoja kimoja, wanakijadili, wanakubaliana. Kila bei huandikwa, na kila upande hukaa na nakala yake. Hapo tu, karatasi zikiwa zimekwisha kauka wino, ndipo mkuu, mhasibu na mjumbe wa China wanapopeana mikono. Dalali ndiye anayesema. Anatangaza kwamba leo, mwezi huu na tarehe hii, tumepigana viganja, na iwe ghali iwe rahisi, hakuna atakayegeuka.

Baada ya hapo matajiri wa Calicut walileta vito, lulu na marijani zao, na kuvithamanisha kulichukua mwezi mmoja kwa uchache, hata miwili au mitatu. (Tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu. Sisi ndio tuliolipa neno hilo fedha, kisha tukalifanya la mtu aliyekuajiri.) Wakati huo wote bei ya hariri iliyopigiwa viganja haikutikisika hata kidogo, na vito vililipwa kwa hesabu ya siku ile. Mhasibu hakutumia ubao wa shanga kama Wachina. Alihesabu kwa vidole vya mikono na vya miguu, vyote 20, na Ma Huan, aliyetoka katika nchi ya watu wa hesabu, anakiri kwamba hawakukosea.

Miaka kama 80 baadaye walifika watu waliodhani wanaweza kumruka yule wa katikati.

Mreno Vasco da Gama alifika Malindi mnamo Aprili 1498. Sultani alimwalika mjini akapumzike, naye akakataa kukanyaga nchi kavu, akisingizia amri ya mfalme wake. Basi wakakutana baharini, chombo kwa chombo. Sultani alikuja na viti vyake vya shaba vyenye mito, amefunikwa na mwavuli wa hariri nyekundu, na wapigaji walipuliza siwa mbili za pembe za ndovu, ndefu kama kimo cha mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Aliyewahi kuiona siwa ya Pate katika makumbusho ya Lamu anaijua sauti ninayoizungumzia hata kama hakuisikia. Salamu ilipita salama, kwa sababu sultani wa Malindi, mwenye ugomvi wake na Mombasa, alikuwa na haja na rafiki mpya. Wareno wakapewa rubani, wakavuka.

Calicut haikuwa na haja hiyo. Da Gama alipoingizwa mbele ya mtawala, Zamorin, alisalimu kama alivyoona wenyeji wakisalimu: akakutanisha viganja, akaviinua juu, kisha akavifungua na kufumba ngumi kwa haraka. Mwandishi wa shajara ya safari ameyaeleza haya kwa makini, na ni wazi alijivunia kapteni wake. Kosa likaja siku ya pili yake. Ilikuwa desturi kwamba zawadi yoyote ya kumpa mtawala ionyeshwe kwanza kwa wakala wake, Mwislamu, na kwa liwali. Wakaitwa, wakaja, wakafunguliwa: vipande 12 vya kitambaa cha milia, kofia nne nyekundu za kufunika kichwa na mabega, kofia sita za kawaida, nyuzi nne za marijani, sanduku la mabeseni sita ya kunawia, sanduku la sukari, mapipa mawili ya mafuta na mawili ya asali.

Wakacheka. Wakamwambia mfanyabiashara fukara kuliko wote anayetoka Makka huleta zaidi ya hivyo, na kwamba kama ana nia ya kumpa mfalme kitu, alete dhahabu. Da Gama akajitetea kwamba yeye si mfanyabiashara bali ni balozi, na vitu vile ni vyake yeye. Wale hawakukubali kuvifikisha. Mara nyingi habari hii husimuliwa kama kichekesho cha Mzungu maskini, na kweli inachekesha, lakini mimi huwatazama zaidi wale wawili waliocheka. Kazi yao ilikuwa kumlinda mgeni asiaibike mbele ya mfalme, na mfalme asidharauliwe mbele ya watu. Walikuwa ni kijana wa Mogadishu na sahani yake, upande wa pili wa bahari. Da Gama aliwaona kama kizuizi. Wareno waliorudi baada yake hawakuja na mabeseni tu. Walikuja na mizinga.

Mizinga haikuua udalali. Karibu mwaka 1505 Mtaliano Ludovico di Varthema alikuwa Calicut, na katika kitabu alichokichapisha Roma mwaka 1510 ameeleza jambo ambalo Ma Huan hakulitaja. Wafanyabiashara wanakaa duara. Dalali anachukua kitambaa, anakishika kwa mkono mmoja mbele ya wote. Kwa mkono wa pili anashika vidole viwili vya muuzaji, vile vinavyofuata gumba, kisha anafunika mikono yote miwili kwa kitambaa. Chini ya kitambaa hicho wanahesabiana kwa kugusana, kuanzia dukati moja hadi 100,000, bila mtu kusema nataka kiasi hiki. Muuzaji akishakubali au kukataa, dalali anamgeukia mnunuzi, anamfunika naye, anamgusa. Anakwenda, anarudi. Duara zima linaangalia na halioni kitu.

Aliyeiweka lugha hii kwenye karatasi kwa ufasaha ni mfanyabiashara wa vito wa Ufaransa, Jean-Baptiste Tavernier, aliyefika katika machimbo ya almasi ya Raolconda, kusini mwa India, mwaka 1645. Wawili wanaketi wakikabiliana, miguu wameikunja kama mafundi cherehani. Mmoja anafungua mshipi wa kiunoni. Muuzaji anaushika mkono wa kuume wa mnunuzi, anaufunika kwa mshipi. Akiukamata mkono mzima, amesema 1,000, na idadi ya maelfu ni idadi ya minyo. Akishika vidole vitano, ni 500. Kidole kimoja ni 100. Nusu ya kidole, hadi pingili ya kati, ni 50. Ncha ya kidole ni 10. Kama fedha ni pagoda za dhahabu au ni rupia, hilo wamekwisha kuelewana.

Jaribu mwenyewe na mtu aliye karibu nawe. Unataka 1,760 kwa jiwe lako. Unauminya mkono mzima mara moja, unaachia. Unakusanya vidole vitano, unaachia. Unashika viwili. Unashika nusu ya kimoja, kisha ncha. Mwenzio hajibu kwa uso. Uso huo unatazamwa na watu 20 wenye almasi za namna hiyohiyo kwenye mifuko yao. Anajibu kwa kukushika. Anakupa mkono mzima na vidole vitano, anaishia hapo: 1,500. Wewe unarudi na viwili. Inaweza kuchukua muda mrefu, na katika muda huo mmeshikana mikono zaidi kuliko mawaziri wawili mbele ya wapiga picha. Tavernier anasema jiwe moja huweza kuuzwa mara kadhaa mahali pamoja, na hakuna aliye pembeni anayejua limekwenda kwa ngapi.

Ndipo ilipo hekima yake, na ndipo ilipo hila yake. Bei iliyofichwa inamlinda mwenye shida: mtu aliyelazimika kuuza kwa hasara leo hataanza kesho na hasara hiyo mdomoni mwa soko zima. Inamlinda pia dalali, anayejua peke yake bei za kila kitambaa, na anayeweza, akitaka, kumwambia huyu kidole kimoja na yule viwili. Mafakihi walikuwa wamekwisha kukataza uuzaji wa kugusa, yaani kununua nguo kwa kuipapasa tu bila kuikunjua. Lakini hapo kilichofichwa ni mali. Chini ya kitambaa cha dalali mali imewekwa wazi, inapimwa, inashikwashikwa. Kilichofichwa ni bei peke yake.

Kuna kipande kingine cha Raolconda ambacho siwezi kukiacha. Kila asubuhi, anasema Tavernier, watoto wa wafanyabiashara, wa miaka 10 hadi 15 au 16, huketi chini ya mti mkubwa uwanjani. Kila mmoja ana mizani ya almasi katika mfuko upande mmoja, na kibindo cha pagoda za dhahabu upande wa pili. Wanangoja. Akija mtu na jiwe, anamkabidhi mkubwa wao. Mkubwa analitazama, anampa wa pili, naye anampa wa tatu, linazunguka mpaka linamrudia, na hakuna aliyefungua kinywa. Kisha mkubwa anauliza bei. Akinunua ghali, hasara ni yake peke yake. Jioni wanayapanga mawe yao, wanawauzia wafanyabiashara wakubwa, wanagawana faida, na mkubwa anaongezewa robo ya asilimia. Leo watoto wa umri ule tunawafundisha somo la ujasiriamali ubaoni.

Lugha ya vidole ilivuka bahari pamoja na bidhaa. Katika Ghuba, watu wa lulu waliitumia mpaka siku za baba zetu. Mfanyabiashara wa lulu, tawwash, alizifunga lulu zake ndani ya kitambaa chekundu, rangi inayoutoa weupe wa lulu, na alipokaa na mwenzake wa Bahrain au wa Bombay, mikono iliingia chini ya nguo na midomo ikazungumza habari za mvua. Mwaka 1912, biashara ile ikiwa kileleni, Jacques Cartier wa duka la vito la Paris alikwenda mwenyewe hadi Bahrain kuitafuta lulu kwenye chimbuko. Haikupita miaka 20 kabla soko halijaanguka. Lulu za kupandwa za Mjapani Kokichi Mikimoto zilijaa Ulaya katika miaka ya 1920, na mdororo wa 1929 ukamalizia. Bahrain ilipata mafuta mwaka 1932. Watu wakaacha kupiga mbizi wakaenda kuajiriwa, na mwajiriwa hapatani mshahara chini ya kitambaa.

Manahodha wa Ghuba hiyohiyo ndio waliokuwa wakija kwetu na kaskazi wakiwa na tende, na kurudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, kutoka Aden hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na mikoko ya Rufiji. Kinachoonekana katika habari zake ni kiasi cha muda uliokwenda kwenye kahawa. Nahodha hakushuka forodhani kuuza. Alishuka kutembelea watu. Biashara ilikuja baadaye, mara nyingi kwa mdomo wa mtu mwingine.

Zanzibar yenyewe ilikuwa imejengwa hivyo. Wamarekani walifunga mkataba na mtawala wake, Sayyid Said, mwaka 1833, wakakubaliwa kulipa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa wanazoshusha. Kwenye karatasi walikuwa huru kuuza kwa yeyote. Richard Waters wa Salem, Massachusetts, aliyefika mwaka 1837 akiwa konseli wa kwanza wa nchi yake hapo na papo hapo mfanyabiashara, aling'amua mapema kwamba karatasi hiyo haikumtaja mtu muhimu kuliko wote: Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch aliyekuwa amekodi forodha nzima. Waters akashikamana naye. Nguo za amerikani zikapitia kwa Jairam, na pembe na sandarusi zikatokea kwa Jairam. Wazungu waliobaki nje ya urafiki huo walilalamika kwamba mkataba unavunjwa. Pengine. Mimi naona Waters aliipokea sahani.

Mkono huu wa ofisini, wa watu wawili waliosimama, ulitoka upande mwingine. Si kwamba ni mpya. Katika karne ya 9 kabla ya Kristo, Shalmaneser III wa Ashuru alichongwa kwenye jukwaa la kiti chake cha enzi akishikana mkono na mfalme wa Babeli, na nyuma ya kila mfalme wamesimama watu wake. Katika Uingereza ya karne ya 17 Wakristo wa dhehebu la Quaker walikataa kuvua kofia na kuinama mbele ya wakubwa, wakashika kumpa kila mtu mkono ulio sawa, na karne ya 19 ilipofika vitabu vya adabu vilikuwa vimeufanya mkono kuwa salamu ya waungwana wote. Lakini hata Ulaya sokoni mambo yalikuwa mengine. Alkmaar, Uholanzi, hadi leo wauza jibini wanaonyesha watalii jinsi ya kupigana viganja kwa kila bei inayotajwa, pa, pa, mpaka pigo la mwisho. Kisha jibini hubebwa na watu wa chama cha wachukuzi, kilichoundwa mwaka 1593, hadi penye mizani ya mji. Wa tatu yupo. Amevaa kofia ya majani na anasubiri zamu yake.

Kilichomwondoa wa tatu machoni ni kuwapo kwake kila mahali. Nyuma ya meneja na mteja wanaoshikana mikono kwa sekunde tatu wamesimama benki, bima, wakili, msajili wa makampuni na hakimu, wote hawaonekani. Kwa hiyo mkono umebaki na kazi ndogo, na kwa kuwa kazi ni ndogo, wakufunzi wameujazia mambo: uwe mkavu, uwe imara, usiwe wa samaki aliyekufa. Pwani tumeuongezea yetu. Tunauleta mkono kifuani baada ya kushikana, mdogo huushika mkono wake wa kuume kwa wa kushoto anapompa mkubwa, na hatuuachii upesi. Habari za nyumbani zinaulizwa mkono ukiwa bado ndani ya mkono. Mgeni aliyefundishwa sekunde tatu hapo hutokwa jasho.

Mwezi Machi 2020, korona ilipokuwa ikibisha hodi, Rais Magufuli wa Tanzania na mwanasiasa wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, Dar es Salaam, wakasalimiana kwa kugusanisha viatu. Picha ikaenda dunia nzima. Mafakihi wa Shafi wangekuwa na la kusema kuhusu miguu inayokutana badala ya kuachana.

Kitambaa hakijafa. Katika masoko ya mifugo ya Hargeisa na Burao, katika nchi ya Wasomali, asubuhi huanza na kelele za ngamia na mbuzi na watu wakipita na mashuka mabegani. Dalali, wao humwita dilaal, ndilo neno letu hilohilo, huwa amesimama kati ya mfugaji aliyefika alfajiri na mnunuzi anayejaza meli ya kwenda Saudia. Yeye ndiye anayejua mnyama yule ni wa ukoo gani, na akitokea mtu kesho kudai kwamba ngamia ameibiwa, mlango utakaogongwa ni wa dilaal. Ndiyo maana mfugaji anakubali kumpa mkono. Shuka linateremka, vidole vinakwenda kazini, macho ya wote watatu yanaangalia pembeni, kwenye nundu, kwenye meno, kwenye mawingu.

Siku hizi fedha hazihesabiwi tena mavumbini. Tangu 2009 Wasomali wa huko hulipana kwa simu. Kwa hiyo utamwona dilaal mkono wake wa kuume uko chini ya shuka, ameshika vidole viwili vya mtu na anangoja cha tatu, na katika mkono wa kushoto ameinua simu juu ya vichwa vya mbuzi, akitafuta mtandao.